Mali za serikali ziko ngapi? Fahamu daftari la ardhi na majengo ya umma, kuanzia hapa Lugarawa



Najua wengi wenu mko kafe na dakika zinakatika, kwa hiyo sizunguki. Leo sina habari ya tukio. Hii ni makala ya kutunza. Iprinti au iweke kwenye flashi, maana siku kijijini kwenu wakianza kugombania kiwanja cha shule utaitafuta.

Nianze na yaliyonikuta. Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa na shamba la shule. Shule siitaji jina, ni moja ya zile za kata huku milimani Ludewa. Tulilima mahindi ya uji na makande, na pembeni tulipanda milingoti kama mpaka. Nilipomaliza na kurudi kufuata cheti, nikakuta nusu ya shamba limepandwa viazi vya watu. Ukoo mmoja ulisema babu yao aliiazima shule eneo lile, hakuitoa moja kwa moja. Mwalimu mkuu akaenda ofisi ya kijiji kutafuta muhtasari wa mkutano uliotoa eneo. Daftari lilikuwepo, ila mchwa walikuwa wameshalipitia. Mzee aliyehesabu hatua siku ya kupima alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia.

Basi, ikawa maneno matupu. Upande wa shule unasema hivi, upande wa ukoo unasema vile, hakuna karatasi wala shahidi. Mwisho wakagawana, shule ikabaki na nusu. Inawezekana ukoo ule ulisema kweli, inawezekana haukusema kweli. Mpaka leo hakuna anayejua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko viazi vyenyewe.

Toka siku hiyo najiuliza: hivi serikali inajua ina nini? Viwanja vingapi, majengo mangapi, mipaka yake wapi, na nani ana ushahidi? Nimesoma sheria, nimesoma ripoti, nimekaa na wazee. Nilichopata ndicho hiki.

KWANZA TUELEWANE: MALI YA SERIKALI NI IPI?

Hapa ndipo watu wengi tunachanganya. Tanzania ardhi yote ni ardhi ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, pamoja na mwenzake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Zote mbili zilianza kutumika Mei 2001.

Lakini "ardhi ya umma" haina maana kwamba kila shamba ni mali ya serikali. Shamba lako la mahindi liko kwenye ardhi ya umma, ila haki ya kulitumia ni yako. Mali ya serikali ni ile ambayo chombo fulani cha serikali ndicho chenye haki ya kuitumia, kuitunza na kuiandika kwenye vitabu vyake.

Sheria imegawa ardhi makundi matatu:

1. Ardhi ya hifadhi: misitu ya hifadhi, mbuga, hifadhi za barabara, vyanzo vya maji na kadhalika.
2. Ardhi ya vijiji: ile inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji.
3. Ardhi ya jumla: inayobaki, hasa mijini.

Ndani ya ardhi ya kijiji kuna sehemu ya watu binafsi na koo, kuna sehemu ya pamoja, na kuna sehemu ya akiba ya baadaye. Ile sehemu ya pamoja, sheria inaitaka halmashauri ya kijiji iwe na rejista yake. Yaani daftari ninalolililia hapa halikubuniwa na mwanablogu. Limo kwenye sheria toka 1999.

NANI ANAMILIKI NINI HUKU KWETU

Simama pale Lugarawa uangalie pande zote. Unaona majengo, yote unayaita "ya serikali". Hebu tuyatenganishe.

Serikali kuu. Mahakama, vituo vya polisi, ofisi na nyumba ya Mkuu wa Wilaya. Hizi ni za wizara na idara, na nyingine zinasimamiwa na Wakala wa Majengo (TBA), ulioanzishwa mwaka 2002.

Halmashauri ya Wilaya. Shule za msingi na sekondari za kata, zahanati na vituo vya afya vya serikali, masoko, stendi. Kwetu hiyo ni Halmashauri ya Wilaya ya Ludewa.

Kijiji. Ofisi ya kijiji, ghala, msitu wa kijiji, makaburi, uwanja wa mpira. Kijiji kilichoandikishwa ni chombo kamili kisheria, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa.

Mashirika na wakala. Nenda Makambako uone mchanganyiko wenyewe. Reli na stesheni ni ya TAZARA, ambayo wenyewe ni serikali mbili, Tanzania na Zambia. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, za mitaani ziko chini ya TARURA iliyoanza mwaka 2017. Kuna maghala ya nafaka ya NFRA. Mji mmoja mdogo, na wenye mali kibao.

Zinazodhaniwa za serikali kumbe sivyo. Mfano ni Hospitali ya Mtakatifu Yohane hapahapa Lugarawa. Inahudumia watu wote, ila ni ya Kanisa Katoliki, Jimbo la Njombe. Maghala ya ushirika nayo, yale ya enzi za NJOLUMA (Njombe, Ludewa, Makete), yalikuwa mali ya wanachama wakulima, si ya serikali. Daftari likikosea hapa, linamnyang'anya mtu mali bila hata kujua.

KWA NINI MAFAILI YAMEVURUGIKA

Si uzembe tu, wadau. Kuna historia. Kila mwenye nyumba alipobadilika, mafaili yalihama, na kila yalipohama mengine yalidondoka njiani. Angalia mfululizo huu:

- 1969 na baada yake: shule nyingi za misheni zilichukuliwa na serikali. Kanisa likabaki upande huu, shule upande ule, na mpaka katikati haukupimwa kila mahali.
- 1971: Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Majumba ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 ofisi hiyo iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa.
- 1972: halmashauri za wilaya zilivunjwa, madaraka yakapelekwa mikoani. Zilikuja kurudi mwaka 1984. Kwa miaka kumi na zaidi mali zake zilikuwa na baba mwingine.
- 1974: Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa na kukusanywa, shule na zahanati zikajengwa kwenye mashamba ya watu waliokuwepo. Nani aliandika? Wachache sana.
- 1976: vyama vya ushirika vilivunjwa, kisha miaka ya 1980 vikarudishwa.
- Miaka ya 1990: mashirika ya umma yalianza kubinafsishwa chini ya tume ya PSRC. Mengine yaliuzwa na viwanja vyake, mengine yaliacha mabaki.
- 2012: Mkoa wa Njombe ulizaliwa kutoka Iringa, na katika miaka hiyohiyo Makambako na Wanging'ombe zikapata halmashauri zao. Wakigawana mkoa au wilaya, wanagawana pia mali na madeni. Jengo linaweza kuwa Makambako na faili lake likabaki kabati la Njombe.

Juu ya yote hayo zikaja shule za kata. Kuanzia mwaka 2004, chini ya mpango wa elimu ya sekondari (MMES), kila kata ilihimizwa kujenga shule. Wazazi walichanga, walibeba mawe na mchanga, na koo zilitoa ardhi. Zilitoa kwa mdomo, mkutanoni, watu wakapiga makofi. Makofi hayahifadhiwi kwenye faili!

HASARA YA KUTOJUA

Mtu atasema, sasa kuna ubaya gani? Jengo si lipo, watoto si wanasoma? Sikiliza mifano hii.

Nyumba za serikali. Kuanzia mwaka 2002 serikali iliamua kuwauzia watumishi wake nyumba ilizokuwa inamiliki, na maelfu ziliuzwa. Ugomvi uliofuata bungeni na magazetini ulichukua miaka: ipi ilistahili kuuzwa, ipi haikustahili, kwa bei gani. Mali ikiwa na kumbukumbu iliyo wazi kwa wananchi, maswali kama hayo yanajibiwa kabla ya kuuza, si baada.

Vijiji ndani ya hifadhi. Januari 2019 Rais Magufuli alisimamisha uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, ikaundwa kamati ya mawaziri nane. Vijiji vyenye utata vilifika 975, na serikali ikaamua 920 vibaki pale vilipo. Fikiria hapo. Ramani ya serikali inasema hifadhi, serikali hiyohiyo imeandikisha kijiji na kujenga shule humo. Madaftari mawili hayakuwahi kukutana.

Mchuchuma na Liganga. Hii ni ya kwetu Ludewa. Makaa ya mawe kule Nkomang'ombe, chuma kule Mundindi, mradi ambao Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) liliingia ubia na Wachina mwaka 2011. Fidia ilisubiriwa miaka, na mwaka 2023 serikali ikatoa takriban shilingi bilioni 15.4. Mradi mkubwa ukija, swali la kwanza ni hili hapa: eneo hili ni la nani? La mtu analipwa mtu, la kijiji kinalipwa kijiji. Asiye na kumbukumbu anaanza kuongea akiwa amechelewa.

Barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana mnaona X nyekundu na X ya kijani kwenye kuta. Nyekundu umeifuata barabara, hulipwi. Kijani barabara imekufuata wewe, unalipwa ukitakiwa kuondoka. Sasa zahanati au ofisi ya kijiji ikipigwa X, itajitetea na nini kama haina tarehe ya kujengwa wala ramani? Na kwa barabara ya zege ya Lusitu hadi Mawengi, bei ya ardhi huku haiwezi kubaki ile ya zamani. Eneo ambalo jana halikuwa na mwenyewe, kesho lina wenyewe watano.

Majirani Kenya. Tume ya Ndung'u iliyoundwa 2003 ilitoa ripoti 2004 kuonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria, zikiwemo za shule, misitu na barabara. Miaka kumi baadaye, Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi Lang'ata Road, Nairobi, walipigwa mabomu ya machozi walipopinga ukuta uliozungushiwa uwanja wao wa kuchezea. Watoto wa shule ya msingi! Baada ya hapo ndipo Rais wao akaagiza shule za umma zipewe hati.

Na msidhani ni ugonjwa wa masikini. Marekani, mwaka 2003, ofisi ya ukaguzi ya bunge lao (GAO) iliweka usimamizi wa majengo ya serikali kuu kwenye orodha ya maeneo hatarishi. Sababu mojawapo ni takwimu za mali zisizoaminika. Wana kompyuta kuliko sisi, na bado.

SERIKALI YETU INATAKIWA KUFANYA NINI

Kuanzia mwaka wa fedha 2012/13 serikali ilihamia viwango vya uhasibu vya kimataifa (IPSAS) vinavyotaka mali zote zihesabiwe na zithaminishwe, si fedha taslimu peke yake. Taasisi zilipewa miaka mitano ya mpito kuandaa taarifa za mali zao, hadi Juni 2017.

Wizara ya Fedha ina Idara ya Usimamizi wa Mali za Serikali, na kuna mfumo wa kompyuta uitwao GAMIS ambao taasisi zinatakiwa kuingiza mali zao. Mashirika ya umma yako chini ya Msajili wa Hazina. Kwa halmashauri, anayebeba dhamana ni Mkurugenzi, maana yeye ndiye Afisa Masuuli.

Na kuna CAG. Ripoti zake zinatolewa kila mwaka, ziko kwenye tovuti ya ofisi yake, bure. Soma za serikali za mitaa uone hoja inavyojirudia: halmashauri zina viwanja na majengo yasiyo na hati miliki. Hoja ikirudi miaka na miaka ujue tatizo si kompyuta. Kompyuta inaingiza kilichoandikwa. Kisichoandikwa kinabaki kichwani kwa mzee fulani kijijini.

DAFTARI SAHIHI LINATENGENEZWAJE: HATUA 8

1. Amua unaandika nini. Ardhi peke yake, jengo peke yake. Ni kosa kuandika "shule, milioni kadhaa" kama kitu kimoja. Jengo linachakaa na thamani inashuka kila mwaka, ardhi haichakai hivyo. Kwenye uhasibu vinatenganishwa.

2. Kusanya karatasi zote. Hati, ramani za upimaji, mihtasari ya mikutano ya kijiji, barua za makabidhiano, mikataba ya ujenzi, risiti za fidia. Usichague. Hata kipande kilicholiwa na mchwa, kipige picha.

3. Kaa na wazee. Hii ndiyo ningeiweka namba moja kama ningekuwa bosi. Aliyetoa eneo ni nani, alitoa au aliazima, mbele ya nani, mwaka gani, mipaka ilikuwa nini. Andika, msomee, aweke sahihi au dole gumba, mashahidi nao waweke. Waite na ukoo mzima, hasa vijana wao, wasikie babu akisema mwenyewe akiwa hai.

4. Nenda uwanjani. Zunguka mpaka na majirani wote wakiwepo. Kila kona chukua alama za GPS na picha. Simu ya kawaida mahali pa wazi inakosea mita kama tano, kwa hiyo inafaa kuonyesha eneo lilipo, haifai kumaliza ugomvi wa mpaka. Bikoni anaweka mpima mwenye leseni.

5. Pima vizuri. Huku kwetu ekari ni "hatua 70 kwa 70". Hatua za nani? Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 anapata mraba wa mita 63, karibu sawa na ekari halisi ambayo ni mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapata mita za mraba 2,756 tu. Kwenye shamba la "ekari kumi" tofauti ya miguu ya hao wawili ni karibu ekari tatu! Shule ngapi zimepoteza ekari tatu bila mtu kuiba hata mita moja?

6. Linganisha kwenda na kurudi. Chukua kitabu uende uwanjani: kila kilichoandikwa kipo? Kisha anza uwanjani urudi kwenye kitabu: kila kilichopo kimeandikwa? Wengi wanafanya safari ya kwanza tu. Ya kwanza inafichua mali hewa, ya pili ndiyo inafichua mali iliyosahauliwa.

7. Bandika hadharani. Orodha ikae ubao wa ofisi ya kijiji na isomwe kwenye mkutano mkuu. Mwenye pingamizi aseme. Ugomvi uanze na Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi, ukishindikana uende ngazi za juu. Bora kelele za leo kuliko kesi ya mwaka 2040.

8. Lipe daftari mwenyewe na tarehe. Likaguliwe kila mwaka, na kila mtendaji au mwalimu mkuu akihama akabidhi mali kwa maandishi, nakala moja kijijini na nyingine halmashauri. Daftari lisilosasishwa baada ya miaka mitatu ni hadithi.

MFANO WA UKURASA MMOJA

Huu nimeutunga mwenyewe, si mali ya kweli. Ila ukurasa mzuri unafanana hivi:

Namba ya mali: 014
Aina: Ardhi (majengo yana kurasa zake, 015 hadi 022)
Jina: Eneo la shule ya msingi, kitongoji cha juu
Mwenye mali: Halmashauri ya Wilaya
Anayetumia: Shule
Ukubwa: hekta 3.2, kwa GPS ya mkono, bado kupimwa na mpima
Ilivyopatikana: Ilitolewa na koo mbili, mkutano wa kijiji
Ushahidi: Muhtasari (picha ipo), maelezo ya wazee wanne yenye sahihi
Hati: Hakuna
Mipaka: Kaskazini mto, mashariki barabara, kusini ukoo wa kwanza, magharibi msitu wa kijiji
Mgogoro: Upande wa kusini, unasuluhishwa
Imekaguliwa: tarehe, majina na sahihi

Angalia mstari wa "Hati: Hakuna" na ule wa "Mgogoro". Daftari la uongo lingeacha wazi au lingeandika "ipo". La kweli linakubali pale ambapo pana tundu, na hapo ndipo mtu anajua kazi ianzie wapi.

MAKOSA YANAYORUDIWA

- Kuhesabu mara mbili. Kituo cha afya kimo kwenye orodha ya halmashauri, na wizara nayo imekiandika.
- Kuandika jengo na kusahau ardhi iliyo chini yake na shamba lililo nyuma yake.
- Jina lisiloeleweka. "Shamba la shule" bila kijiji wala kitongoji. Shule ipi?
- Kuhesabu mali ya misheni au ya ushirika kuwa ya serikali kwa sababu mtumishi wa serikali anafanya kazi humo.
- Kumaliza kazi ofisini. Daftari limejazwa zuri, wino uleule, siku moja, hakuna hata kiatu kilichopata tope. Ludewa hii yenye matope! Ukiona hivyo, shtuka.
- Kuona hati ndiyo mwisho. Hati bila mtu wa kulinda mpaka ni karatasi. Watu watalima tu.

HATI INAPATIKANAJE KIJIJINI?

Kwa ufupi. Kijiji kwanza kiwe na mipaka iliyokubaliwa na vijiji jirani, kipate Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Kisha mpango wa matumizi ya ardhi (Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007), ambao unasema hapa makazi, hapa kilimo, hapa huduma za jamii. Kiwe na masjala ya ardhi, yaani chumba salama cha kutunzia kumbukumbu. Hapo ndipo hatimiliki za kimila zinaweza kutolewa kwa watu, na maeneo ya taasisi nayo yakapimwa na kuandikwa.

Neno "chumba salama" lisikupite. Kabati la chuma ni bei kuliko la mbao, ila mchwa hawali chuma.

WEWE KIJANA UNAWEZA KUFANYA NINI?

Usiseme "mimi sina cheo". Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike angalau kila miezi mitatu, na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Nenda uulize mambo matatu tu: rejista ya ardhi ya pamoja iko wapi? Shule na zahanati yetu ina karatasi gani? Nani mara ya mwisho alizunguka mipaka?

Ukinyimwa jibu, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Unaandika barua, ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Andika kwa heshima. Mtendaji wa kijiji si adui, mara nyingi naye alirithi kabati tupu.

Na kitu cha bure kabisa ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu. Una simu yenye kamera na ya kurekodi sauti. Nenda kwa babu au bibi yako. Msalimie, kaa, mpe ulanzi wake kama anatumia, umuulize: "Shikamoo babu, hivi eneo la shule lilitolewa na nani?" Rekodi. Kisha andika kwenye karatasi, mpeleke yeye mwenyewe ofisi ya kijiji akathibitishe mbele ya watu. Rekodi peke yake haitoshi kuwa hati, ila ni mahali pa kuanzia kesi isiwe ya kelele.

Mimi nilichelewa. Yule mzee aliyehesabu hatua za shamba letu nilikuwa napishana naye njiani kila asubuhi nikienda shule, miaka minne, namwamkia, anaitikia, napita. Sikuwahi kumuuliza. Angeniambia kwa dakika kumi kile ambacho kijiji kizima kilishindwa kukijua baadaye. Na huenda angeniambia kwamba ule ukoo ulikuwa na haki. Sawa, tungejua.

Haya wadau, nimemaliza. Kijijini kwenu eneo la shule lina karatasi, au lina makofi tu? Tupeni uzoefu wenu hapo chini, wa Makambako, Njombe, Makete, hata mlioko mbali. Ila tafadhali msitaje majina ya watu wala koo, tusianzishe ugomvi mwingine. Aliyeona nimekosea kifungu cha sheria anisahihishe, nitarekebisha na kuweka tarehe. Daftari huwa hivyo.

Alamsiki.